Buibui Ndani ya Glavu za Wageni

Nianze na kosa letu, maana bila kosa letu yule buibui asingepata mahali pa kulala.

Kiwanda chetu cha kuchambua pamba kilikuwa nje kidogo ya mji wa Mwanza, upande wa ziwa, na mimi nilikuwa mshona magunia. Pamba ikishapita kwenye mashine, nyuzi zilikwenda kufungwa marobota, na mbegu zilikuja kwetu wanawake zikiwa kwenye magunia. Tulikaza mdomo wa gunia, tukaushona kwa sindano ndefu na uzi wa katani, tukaacha masikio mawili ya kushikia, likabebwa, likaja jingine. Mkono wangu wa kulia uliijua kazi hiyo kuliko kichwa changu. Wenzangu walipomaliza gunia moja mimi nilikuwa nimemaliza mawili, na siwezi kudanganya kwamba nilikuwa mnyenyekevu kwa jambo hilo.

Msimu mmoja zikaletwa glavu. Zilikuwa za turubai nene la kijivu, jozi moja kwa kila mfanyakazi, kwa ajili ya usalama wetu. Tukazivaa asubuhi moja. Ukivaa kitu kile husikii sindano ilipo, uzi unateleza, na gunia moja linakula muda wa magunia matatu. Kabla ya saa nne tulikuwa tumezivua zote. Msimamizi wetu hakutaka magunia yarundikane, na sisi hatukutaka mateso, kwa hiyo tukaelewana bila mtu kufungua mdomo. Glavu zikatundikwa kwenye misumari nyuma ya rundo la magunia matupu, kwenye kona ya ghala ambako hata ufagio haukufika. Tukaziita glavu za wageni. Gari la wakubwa likionekana getini, mtu anapiga mluzi, na kila mmoja anakimbilia msumari wake. Wageni wakiondoka, zinarudi zilikotoka. Tulifanya mchezo huo misimu miwili na tulicheka sana.

Ilikuwa mwaka ule wa njaa tuliokula unga wa njano wa msaada, mwezi wa saba, wiki ya kufungua msimu. Mluzi ukapigwa. Nikakimbia kona, nikaingiza mkono wa kushoto, nikaingiza na wa kulia. Kwenye wa kulia nikasikia kitu kimenichoma mgongoni mwa mkono, karibu na kidole gumba, kama mwiba mdogo wa mgunga. Nikafikiri ni ganda la mbegu. Nilipotaka kuvua, wageni walikuwa wameshaingia na msimamizi ananikazia macho.

Mgeni mkuu akasimama mbele yangu hasa. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti nzuri, na alikuja kuzungumzia usalama kazini. Akaushika mkono wangu wa kulia, akauinua juu ili watu wote wauone.

"Ndugu wafanyakazi," akasema, "mkono huu ndio unaojenga nchi. Na hapa naona mkono huu unalindwa."

Watu wakapiga makofi. Mimi nikatabasamu huku mkono unawaka moto ndani ya turubai. Hotuba ilichukua nusu saa nzima. Watu huniuliza kwa nini sikuvua glavu pale pale. Ningeweza, lakini ningewaaibisha wenzangu wote ishirini, na aibu wakati ule niliiogopa kuliko maumivu. Sasa ninaona ulikuwa upumbavu, lakini siku ile niliona ni adabu.

Wageni walipopanda gari, nikaing'oa ile glavu na kuikung'uta. Akadondoka buibui wa rangi ya udongo, mdogo kama kifungo cha shati, miguu myembamba mirefu, amepondeka nusu. Mgongoni mwa mkono palikuwa na alama mbili ambazo usingeziona bila kuinama.

Mama Koku ndiye aliyeinama. Huyu alikuwa mshonaji mwenzangu, Mhaya wa Bukoba, niliyekaa naye gunia kwa gunia miaka minne tukitaniana. "Waitu, Mama Kabula!" akasema. "Huyu ana sumu. Lete mkono." Akachukua uzi wetu wa katani, akanizungushia kifundo cha mkono, hapa chini ya kiganja ambapo watu huvaa saa, akavuta mara tatu kwa nguvu zilezile anazofungia gunia, akapiga fundo. "Sumu isipande," akasema. Kisha akamwokota yule buibui, akamtia kwenye ganda la kiberiti, akaniwekea kwenye pindo la kanga. Nikamshukuru. Zamu yangu nikaimaliza kwa kuwashikia wenzangu midomo ya magunia kwa mkono wa kushoto, nikapanda basi hadi nyumbani Pasiansi.

Mume wangu, Maduhu, ni fundi seremala. Aliporudi kutoka kazini jioni ile alinikuta nimekaa kizingitini, mkono umevimba hadi vidole vimeachana, na uzi wa katani umezama ndani ya nyama hauonekani. Aliukata kwa kisu chake cha kazi, taratibu, akitoka jasho kuliko ninavyomkumbuka akitoka jasho kwenye mbao. Alitaka twende hospitali kesho yake alfajiri. Lakini mama yake alikuwa nyumbani kwetu mwezi ule, amekuja kutoka Usagara kutuletea viazi, na yeye alikuwa na neno lake.

"Hospitali wanajua nini habari za wadudu?" akasema Mayu, maana ndivyo sisi Wasukuma tunavyomwita mama. "Mimi nina jiwe la nyoka. Limemponya baba yenu mala mbili."

Akatoa kwenye mfuko wake jiwe jeusi, jepesi kama mkaa. Akanichanja kwa wembe pale palipoumwa, akalibandika jiwe juu ya damu, akafunga kitambaa. Jiwe likang'ang'ania, naye akafurahi: linavuta. Nikakaa nalo siku mbili. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa, alinifanyia alichokijua. Ila wewe unayesoma haya na mdudu amekuuma jana, nakuomba: usifunge uzi, usichanje, usibandike. Osha kwa maji na sabuni, inua mkono, nenda ukaonwe.

Siku ya tatu jiwe likadondoka lenyewe. Chini yake ngozi ilikuwa zambarau, katikati nyeusi, na harufu iliyotoka ilinifanya nigeuze uso. Nilikuwa na homa ya kutetemesha meno juani. Maduhu hakumuuliza mtu tena. Akanifunga mkono kwa shuka, akanishika kiunoni, tukaenda.

Benchi la hospitali ya mkoa wakati ule lilikuwa refu kama treni. Ukifika unakaa mkiani, anayeitwa mbele anainuka, wote mnasogea makalio kidogo. Tulikaa tangu saa moja asubuhi. Pembeni yangu alikuwepo mzee anayeumwa jino, mama mwenye pacha wanaokohoa, na bwana mmoja aliyeanguka na baiskeli. Wakaniuliza nimepatwa na nini, Maduhu akatoa kiberiti. Kikafunguliwa, kikapita mkono kwa mkono hadi mwisho wa benchi na kurudi.

"Huyu?" akauliza yule bwana wa baiskeli. "Huyu ndiye aliyekulaza chini hivi? Mimi angalau nimeangushwa na kitu kikubwa."

Benchi zima likacheka, na mimi pia nikacheka, kisha nikalia kidogo. Yule mama wa pacha akanipa mtoto mmoja nimpakate kwa mkono mzima. Joto la mtoto yule lilinituliza kuliko maneno. Mambo madogo kama hayo ndiyo yaliyonivusha, na nitayataja kila nitakapoyakumbuka.

Aliyefungua vidonda alikuwa dresa mmoja jina lake Magesa, Mjita, mfupi, mwenye mikono myepesi ajabu. Aliutazama mkono wangu, akatazama alama ya uzi iliyozunguka chini ya kiganja, akatazama machanjo ya wembe. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Mama, nani wengine wamepita hapa kabla yangu?" Nikamwambia yote. Akakitazama kile kiberiti, akaenda kumwita daktari.

Daktari alikuwa mtu wa maneno machache. Alibonyeza kidole kimoja kimoja akiuliza kama nasikia. Kidole gumba na cha shahada sikusikia. Wekundu ulikuwa umeshavuka kiganja na kuanza kupanda mkononi. Akamwambia Magesa achovye kijiti kwenye dawa ya zambarau, ile ya kupaka vidonda, achore mstari kuzunguka mkono wangu, vidole vinne juu ya kifundo.

"Tutakuchoma sindano kila baada ya saa sita," daktari akaniambia. "Wekundu ukibaki chini ya mstari huu, tutapigania mkono. Ukivuka, tutaukata ili tukuache hai. Umenielewa?"

Nikasema nimeelewa. Nilichoelewa ni kwamba mkono wangu wa kulia, ule uliopigiwa makofi siku tatu zilizopita, ulikuwa na mpaka uliochorwa kwa kijiti. Niliogopa kufa, ndiyo. Lakini nawaambia kweli, nilipolazwa kwenye kitanda kile nilichokiwaza ni sindano yangu ya magunia. Nilijiona ninazeeka nikiwa mtu wa kushikiwa sahani.

Mstari ule niliutazama kama watu wanavyotazama mtoto mgonjwa. Asubuhi ya kwanza wekundu ulikuwa umesogea upana wa kidole kimoja kuuelekea. Jioni, nusu ya kidole tena. Magesa alipita hata wakati si wa zamu yake, anainama, anasema, "Bado yuko kwake," kana kwamba anazungumzia ng'ombe aliyeingia shamba la jirani. Mkono ulikuwa umening'inizwa kwa kamba kwenye chuma cha kitanda, ukielekea juu, na damu ikigonga ndani yake kama mtu anayetaka kufunguliwa mlango.

Siku hiyo ya pili mchana ndipo nilipojua kuhusu karatasi. Muuguzi alikuja kupanga cheti changu, nikaiona saini ya Maduhu. Nikamuuliza ni ya nini. Akajibu bila kujua kwamba sikuwa na habari: ruhusa ya kukata. Mume wangu alikuwa ameshasaini tangu jana, na alikaa pembeni ya kitanda changu saa nzima akinimenyea chungwa bila kusema.

Alipokuja na uji nilimgeuzia mgongo.

"Umeukata mkono wangu," nikamwambia.

"Sijaukata. Nimesaini kwamba wakilazimika..."

"Wa kwako? Umesaini wa kwako? Ungeweza kupiga randa kwa mkono mmoja?"

Akakiweka kibakuli chini. Maduhu si mtu wa kubishana, na mara nyingi nimetumia udhaifu huo vibaya. Siku hiyo alinijibu. "Mama Kabula, mimi nilioa mtu. Sikuoa mkono," akasema. "Nikuulize wewe, ukaanza kubishana nao na mkono umeshapita mstari? Nakujua. Ungebishana mpaka ufe." Akachukua kofia yake, akaondoka.

Sikumsemesha siku mbili. Nilikuwa nimekasirika kweli, na sehemu kubwa ya hasira ilikuwa kwa sababu alisema kweli.

Kule nyumbani Mayu naye alikuwa amekwisha kupata mchawi. Alikuja hospitalini na kapu lake, akakaa chini kando ya kitanda, akaninong'oneza kwamba jambo hili si la bure. Nani aliyenifunga uzi? Mhaya. Nani alishona magunia machache kuliko mimi na kuona wivu? Mhaya. Nani alimwokota mdudu kwa mkono wake bila kuumwa? Basi. Akataka nitolewe hospitalini nipelekwe kwa mtaalamu wake kule Misungwi. Mama Koku alipokuja kunitazama saa ya kuona wagonjwa, Mayu alijisimika mlangoni mwa wodi akiwa amefungua mikono kama mlinda goli, na Mama Koku akarudi zake na bakuli lake la ndizi. Niliona yote toka kitandani, nikaita, sauti haikufika. Jambo lile liliniuma sana, maana kama kuna mtu aliyekuwa akijilaumu bila kusaidiwa, alikuwa ni yeye na ule uzi wake wa katani.

Asubuhi ya nne Magesa alikuja, akainama kama kawaida yake. Alikaa hapo muda mrefu kuliko kawaida. Nikafumba macho.

"Mama," akasema, "tazama mwenyewe."

Mstari wa zambarau ulikuwa umefifia kwa jasho, lakini ulionekana. Wekundu ulikuwa umefika ukaugusa, sehemu moja kabisa, upande wa ndani. Kisha ulikuwa umerudi nyuma. Kati ya mstari na wekundu palikuwa na ngozi yangu, nyeusi, safi, upana wa kidole kimoja. Nilimwomba Magesa aweke kidole chake hapo kupima, akaweka, kikatosha. Nikamwambia amwite mume wangu aliyekuwa amekaa nje kwenye majani, kwa kuwa alikuwa anakuja kila siku na kukaa huko akiogopa kuingia. Alipofika sikumwomba radhi kwa maneno. Nilimwomba chungwa.

Nisikudanganye kwamba hapo ndipo palipokuwa mwisho. Mkono ulibaki, lakini kilichofuata kilikuwa kirefu na kibaya kutazama. Ile nyama nyeusi mgongoni mwa mkono ilikauka kama ngozi ya ngoma, ikaanza kuachia pembeni, na Magesa akawa anaipunguza kidogo kidogo kila anapobadilisha bendeji. Siku ilipotoka yote, shimo lilikuwa la kutosha kuingiza yai la kuku, na ndani yake niliona kamba nyeupe zinazovuta vidole. Nilijisemea, "Kumbe ndizo nyuzi zangu." Magesa akasikia. "Ndiyo," akasema, "na wewe unashona magunia, mimi nashona watu. Tusiingiliane kazi. Tulia."

Mwezi wa tisa, wakati malori ya pamba yalikuwa bado yanapita barabara ya Usagara usiku na mchana, waliniondolea ngozi pajani, wakaipandikiza mkononi. Paja liliuma kuliko mkono, jambo ambalo hakuna aliyenionya, basi mimi nakuonya. Ngozi ile ilishika, isipokuwa pembe moja iliyooza ikabidi irudiwe. Nikarudi nyumbani nikiwa mtu wa kwenda kufungwa kidonda mara tatu kwa wiki, halafu mara mbili, halafu mara moja. Miezi ile siihesabu kwa majina yake. Naihesabu hivi: bendeji za Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, bendeji za Jumatatu na Alhamisi, bendeji za Ijumaa, na mvua.

Nyumbani nilijifunza kuoshwa. Mayu, aliyekataa kurudi Usagara hadi nipone, alinisugua mgongo kila asubuhi kwa nguvu kana kwamba ananitoa kutu. Binti yangu Kabula, wa darasa la tatu, alinifunga kanga na kunichana nywele akinipigia kelele nisitikisike, maneno yaleyale niliyokuwa nikimwambia yeye. Maduhu alipika ugali wa unga wa njano wenye mabonge ya ukubwa wa ngumi, nao tuliula. Nilichukia kusaidiwa, nikasema maneno makali, nikaomba msamaha, nikarudia. Nilikonda hadi pete ikawa inazunguka yenyewe. Vidole vyangu viwili vilikuwa vigumu kama mpini.

Novemba mvua zikaanza, na senene wakaja. Mama Koku alipokea furushi la senene waliokaangwa kutoka kwao Bukoba, akajaza bakuli, akalibeba hadi Pasiansi, akasimama uani hajui kama atafukuzwa tena. Alikuwa ameniletea pia donge la pamba safi alilolishona ndani ya kitambaa, la kunibanisha vidole, maana Magesa alikuwa amemwambia njiani kwamba ninahitaji kitu laini cha kufinya.

"Shikamoo, mama," akamwamkia Mayu kwa magoti.

"Marahaba," Mayu akajibu kwa sauti ya kufunga mlango.

Nikaona nisipoingilia hapa tutazeeka na uadui. "Mayu," nikasema, "mtu aliyenifunga uzi ni huyu. Aliyenichanja kwa wembe ni wewe. Aliyevaa glavu bila kuikung'uta ni mimi. Tukimtafuta mchawi tutajikuta watatu kwenye foleni."

Mayu akalitazama lile bakuli. "Ninyi Wahaya," akamwambia Mama Koku, "mdudu mmoja amemlaza mkwe wangu miezi minne, na dawa unayoniletea ni wadudu bakuli zima?"

Mama Koku ndiye aliyeanza kucheka, akicheka na kulia pamoja. Mayu alikula senene mmoja kwa kumheshimu mgeni, akafumba macho akitafuna. Akala wa pili bila kulazimishwa. Jioni ile bakuli lilirudi tupu.

Kazini nilirudi mwezi wa kwanza, mashine zikiwa zimezimwa na watu vijijini wanapanda pamba mpya. Kulikuwa na mkutano wa wafanyakazi, na msimamizi akanikaribisha niseme neno la shukrani. Nikasimama. Nilishukuru kwanza, kwa kuwa walinitembelea na kuulipa ukimya wangu wa siku ile kwa huruma nyingi. Kisha nikasema ambacho sote tulikijua na hakuna aliyekitamka. Nikasema hatukuumizwa na buibui, maana buibui aliona nyumba tulivu, yenye giza, isiyoguswa na mtu kutwa, akahamia. Nyumba hiyo tulimjengea sisi. Nikasema sitavaa tena glavu kwa ajili ya mgeni yeyote, hata akija na bendi, ila nitaivaa kwa ajili yangu mwenyewe.

Msimamizi alitazama viatu vyake. Nilidhani nitafukuzwa. Badala yake aliinuka, akaenda kona ile, akaanza kuvuta magunia matupu kwa mikono yake. Tukamfuata. Tulitoa buibui wengi kuliko nilivyotaka kujua, na nge wawili.

Tangu siku hiyo tulifanya hivi, nawe ukiwa unafanya kazi ghalani, stoo au karakana waweza kufanya vivyo hivyo. Magunia hayaegemei ukuta. Kati yake na ukuta mtu apite na ufagio. Glavu tulizikata ncha za vidole viwili, gumba na cha shahada, kwa hiyo sindano tunaisikia na tunazivaa kila siku. Hilo lilikuwa wazo la Mama Koku, na ningetamani angelipata misimu miwili mapema. Ikifika saa ya kutoka tunazifunga mdomo na zile ncha kwa uzi na kuzitundika mlangoni penye mwanga. Asubuhi tunazipiga kwenye nguzo mara tatu kabla ya kuingiza mkono, na viatu vilevile, na koti lililolala msumarini vilevile. Gunia kuukuu tunalishika kwa pembe na kulikung'uta nje, hatuingizi mkono tukipapasa. Na mtu akichomwa, anavua pale pale, hata kama anahutubiwa na nani.

Mkono wangu haukurudi wote. Ikija mvua unauma kabla mawingu hayajaonekana, na mgongoni kuna kovu lililokunjamana, la rangi mbili, ambalo Kabula hulipitisha kidole akifikiri nimelala. Sasa nashona gunia moja wakati wenzangu wanashona moja. Nimezoea, na hata nimependa, maana zamani nilikuwa nashindana na sasa nazungumza.

Mara ya mwisho nilipokwenda kuonwa ilikuwa mwezi wa tatu. Daktari aliandika kwenye cheti changu kwamba nisirudi tena. Nilipotoka, mkono nimeuficha ndani ya kanga kwa mazoea, mama mmoja aliyekuwa kwenye benchi alinishika upindo. Alikuwa mkulima kutoka upande wa Geita, mtu mzima kuliko mimi, mkono wake wa kulia umefungwa bendeji hadi karibu na kiwiko, na juu ya bendeji nikauona mstari wa zambarau. Mumewe alikuwa pembeni ameishika karatasi, haitazami.

"Dada," akaniuliza polepole, "wanasema wewe uliumwa na buibui. Na wewe walikuchora hivi. Walikata?"

Nilitaka kumwambia mengi. Nilitaka kumwambia habari za Magesa, na paja, na donge la pamba. Lakini alikuwa ameyakaza macho kwenye kanga yangu, nikaona maneno hayatafika. Nikautoa mkono. Akaliona kovu, akashtuka, na sikumlaumu.

"Nishike," nikamwambia.

Akaweka mkono wake wa kushoto ndani ya mkono wangu wa kulia. Vidole vyangu vikajifunga kimoja kimoja, hata vile viwili vigumu, vya mwisho kukubali, nikambana kwa nguvu zote nilizokuwa nazo.

"Unaniumiza, dada," akasema.

Nikamwambia ndiyo, na sikumwachia.